Pilipili za Kitalu Nyumba: Majibu kwa Wasomaji wa Moshi na Arusha

Barua zilizoifikia safu hii miezi ya karibuni zimekuwa za pilipili tupu, na nyingi zinatoka kwa watu waliojenga kitalu nyumba kidogo uani wakitaraji kwamba kilichobaki ni kuvuna. Karibu wote wanauliza mbolea au dawa. Majibu yetu, kama msomaji atakavyoona, yanaanza mara nyingi zaidi na hewa, joto na maji.

*Shikamoo mhariri. Nina kitalu nyumba cha mita nne kwa sita, nimekifunika nailoni pande zote na kuacha mlango mmoja. Nimepanda pilipili mbuzi kwenye ndoo za lita ishirini. Miche ilistawi vizuri mno, lakini tangu mwishoni mwa Januari maua yanachanua na kudondoka yote. Jirani ananishauri nipulizie busta. Nifanyeje?*
Msomaji, Pasua, Moshi

Marahaba, ndugu yetu. Hiyo busta iweke pembeni kwanza. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Januari na Februari ni miezi ambayo joto la mchana, hata kivulini, hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Ndani ya nailoni iliyofungwa pande zote, joto hilo linaweza kuongezeka kwa nyuzi nyingine kumi ifikapo saa nane mchana. Ua la pilipili haliwezi hali hiyo: joto la mchana likizidi nyuzi 32 hadi 35, chavua hupoteza nguvu, na ua lisilorutubishwa huachwa na mmea likaanguka. Usiku nao una sehemu yake, kwa kuwa usiku usioshuka chini ya nyuzi 24 hudondosha maua vilevile. Busta nyingi za kukuzia zina naitrojeni kwa wingi, na pilipili iliyoshiba naitrojeni hutoa majani ya kupendeza huku matunda yakikosekana, kwa hiyo ungekuwa unalipia tatizo liendelee.

Kabla hujabomoa chochote, hakikisha. Tundika kipimajoto kwenye kimo cha majani, mahali jua lisipokipiga moja kwa moja, ukisome saa nane mchana na tena alfajiri. Kisha okota maua machache yaliyoanguka leo hii, uyagongegonge juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vijidudu vyembamba vya rangi ya njano au kahawia, visivyozidi milimita mbili, vikitambaa juu ya karatasi, hivyo ni vithiripi, navyo huangusha maua hata pasipo joto. Karatasi ikibaki safi, na kikonyo kikiwa kimegeuka njano pale kilipokatikia, huku kipimajoto kikisoma 38 au 40, basi huna haja ya kumtafuta mchawi mwingine.

Toa nailoni ya pande mbili ndefu kuanzia usawa wa goti hadi kwenye paa na uweke neti ya wadudu, halafu fungua tundu refu kileleni mwa paa, kwa sababu hewa ya moto hupanda, na isipopata njia ya juu itabaki ikizunguka humo humo. Kumbuka kwamba neti yenye matundu madogo ya kuzuia vithiripi hupunguza pia upepo, ndiyo maana inahitaji eneo kubwa. Kidirisha kimoja chenye neti ya namna hiyo hakiingizi hewa ya maana. Neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 ya mwanga wa jua juu ya paa itasaidia hadi mvua za masika zitakapoanza, kisha iondolewe. Pilipili hujichavusha yenyewe, ila humo ndani upepo na nyuki ni haba, kwa hiyo tikisa shina taratibu kila asubuhi, mnamo saa tatu au saa nne, kabla joto halijapanda.

Kwa maoni yetu, mkazi wa Moshi mwenye mashina kumi au ishirini hahitaji nailoni ya ubavuni hata kidogo. Paa la kuzuia mvua na neti kuzunguka vinatosha, na fedha inayobaki inunue tangi la maji.

*Nilisia mbegu za pilipili mbuzi mwezi wa Juni kwenye trei, ndani ya kitalu nyumba. Wiki tatu zilipita bila kitu kuota, na michache iliyochomoza baadaye ililala chini na kufa. Muuzaji anasema mbegu zake ni nzima. Nani mkweli?*
Msomaji, Sakina, Arusha

Inawezekana kabisa muuzaji anasema kweli, ingawa ni vyema siku nyingine ununue pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya kupimwa uotaji, ili shaka hiyo isiwepo tangu mwanzo. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti hushuka hadi nyuzi 12 au 13. Nailoni hupandisha joto la mchana, lakini usiku hailihifadhi kama watu wanavyodhani. Ifikapo saa tisa za usiku, tofauti kati ya ndani na nje ni ndogo sana. Mbegu ya pilipili inataka udongo wenye nyuzi 25 hadi 30, na pilipili mbuzi ni mzito wa kuota kuliko hoho: hata katika joto linalofaa huweza kuchukua wiki mbili hadi tatu. Katika udongo baridi hulala tu, na ikimwagiliwa kila siku huozea humo. Ile michache iliyolala chini iliuawa na kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia shina pale linapogusa udongo, na chakula chake ni unyevu uliozidi pamoja na hewa isiyotembea.

Trei ya kuotesha haina lazima ya kukaa kitaluni. Iweke jikoni, au juu ya jokofu ambako huwa na uvuguvugu mchana na usiku, ukiifunika kwa mfuko mwepesi hadi mbegu ya kwanza ichomoze, kisha ihamishie kwenye mwanga siku hiyo hiyo, maana mche unaokosa mwanga hata siku mbili hurefuka na kuwa dhaifu. Tungekushauri usie mwishoni mwa Agosti ili miche ihamishwe Oktoba, wakati baridi imekwisha. Kwa mimea iliyokwisha kuwa mikubwa, shusha pazia za nailoni mnamo saa kumi jioni uhifadhi joto la jua, na uzipandishe asubuhi mapema hata kama kuna baridi, kwa sababu matone yanayoning'inia kwenye nailoni usiku kucha yakidondokea majani hualika ukungu wa kijivu.

*Maji yangu ni ya kisima. Ndoo za pilipili zimeota ukoko mweupe juu ya udongo, na majani machanga yamekuwa ya njano ila mishipa yake imebaki ya kijani. Nimeongeza majivu ya jikoni bila mafanikio.*
Mama mwenye bustani, Usa River

Mama, acha majivu mara moja. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Mlima Meru hubeba magadi pamoja na floridi inayofahamika kwa kubadilisha rangi ya meno, na kwa pilipili zako kinachosumbua zaidi ni hayo magadi. Kila unapomwagilia, maji hupanda hewani na chumvi hubaki kwenye ndoo, udongo unazidi kuwa na ualkali, na madini ya chuma yaliyomo yanafungwa mmea usiweze kuyafyonza. Njano kati ya mishipa, ikianzia kwenye majani machanga, ndiyo dalili yake. Ingeanzia kwenye majani ya chini tungetafuta sababu nyingine. Majivu nayo huongeza ualkali. Pilipili hupenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, ya 6 hadi 6.8, na tunashuku kwamba wako umekwisha kuvuka 8.

Dawa yake ni maji ya mvua. Paa la mita nne kwa sita, kama la yule ndugu wa Pasua, linapopata mvua ya milimita 10 hupokea lita 240, na hata ukipoteza sehemu yake, ndoo ishirini zinapata maji ya siku kadhaa. Weka mfereji na tangi. Kwa sasa, toboa ndoo vizuri chini, mwagilia maji ya mvua hadi yatiririke kutoka chini ili yaondoke na chumvi, na urudie baada ya wiki. Kupulizia mbolea ya majani yenye madini ya chuma kutarudisha kijani cha majani mapya, lakini ni nafuu ya muda. Unapobadilisha udongo, changanya samadi iliyoiva sawasawa na maganda ya mpunga, ambayo kwa wenzetu wanaoishi karibu na mashamba ya mpunga ya Moshi Chini hupatikana bila taabu.

*Nikipanda hoho jirani na pilipili kali, je, hoho zitawasha?*
Mwanafunzi, Njiro, Arusha

Hazitawasha msimu huu. Nyama ya tunda ni ya mmea mama, na chavua ya jirani haibadilishi ladha yake. Kinachoweza kuchanganyika ni mbegu zilizomo ndani, kwa hiyo ukizihifadhi na kuzipanda mwakani unaweza kupata hoho yenye ukali usiotarajiwa. Na kwa kuwa wengi hukosea hapa: ukali haukai kwenye mbegu, unakaa kwenye utando mweupe unaozishikilia, ambao ndio unaotengeneza kapsaisini.

*Majani ya juu yamejikunja na kuwa membamba, magumu, na chini yake yana rangi ya shaba. Duka la pembejeo limeniuzia dawa ya wadudu, nimepuliza mara kwa mara na hali inazidi. Mimi ni mstaafu, pilipili hizi ni za kuniongezea kipato.*
Msomaji, Rau, Moshi

Shikamoo mzee wetu. Tazama kingo za jani: zikikunjika kwenda juu, mara nyingi ni vithiripi, zikikunjika kwenda chini, jani likawa jembamba na la kuvunjika, ni utitiri, ambao macho peke yake hayauoni bila kioo cha kukuzia. Maelezo yako yanaelekea kwenye utitiri. Dawa nyingi za kuua wadudu haziudhuru, bali huua wale wadudu wema wanaoula, na ndiyo maana kila ulipopuliza utitiri ulizidi kuongezeka. Kata vilele vilivyoharibika, uvifunge kwenye mfuko uvitoe nje, kisha tumia salfa ya kupulizia jioni. Usiipulize siku ya joto la kupita nyuzi 32, wala ndani ya wiki mbili za kutumia mafuta ya mwarobaini au mafuta mengine, kwa maana majani yataungua. Hakikisha kiuatilifu chochote unachonunua kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo, hasa kwa kuwa unauza.

*Shina moja limenyauka ghafla likiwa na majani ya kijani, ingawa udongo una maji. Je, niongeze maji?*
Msomaji, Tengeru

Usiongeze. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kitumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukitiririka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko bakteria, na hauna dawa. Ng'oa shina pamoja na udongo wake, osha kisu na mikono, na pale usipande tena pilipili, nyanya, biringanya wala viazi mviringo, kwa kuwa vyote hushambuliwa na bakteria huyo huyo. Maji yakibaki safi bila uzi huo, ng'oa uangalie mizizi: yenye vifundo ni kazi ya minyoo fundo, na iliyooza na kuwa ya kahawia imezidiwa na maji.