Mkono ukilala usiku, uliza kidole cha mwisho

Mimi ni msusi Kenyatta Market, na mwenye amewahi kusukwa hapo Desemba anajua venye tunashinda tumesimama mpaka giza iingie. Sasa Desemba ilopita nikaanza kuamka saa nane usiku mkono wa kulia umekufa ganzi, vidole sindano sindano, naukung'uta kando ya kitanda kama mtu anafukuza nzi ndio urudi. Jirani akasema ni baridi imeingia kwa mifupa, kemisti wakanipea tembe za maumivu, nikameza wiki mbili, wapi!

Kilichonishtua ni siku nlishindwa kuokota uzi mmoja wa bredi kwa paja ya kastoma. Nauona, naugusa, lakini vidole haviusikii.

Daktari aliniuliza swali moja tu, vidole gani? Nikasema vyote. Akasema hapana, ukiamka leo gusa kimoja kimoja. Kumbe ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, kile cha mwisho kiko sawa kabisa! Hapo akajua ni neva inayopita kwa kijia chembamba kwenye kifundo cha mkono, pamoja na kano 9 za kukunja vidole, pakivimba kidogo tu inabanwa. Na usiku tunalala tumekunja kifundo, ndio maana inazidi.

Kama kinachokufa ganzi ni cha mwisho, mara nyingi shida iko kwa kiwiko (nyinyi wa kuegemea dirisha ya matatu na kushikilia simu kwa sikio saa nzima, nawaona).

Nlipewa splinti ya kuvaa nikilala, inanyoosha kifundo, nafanana na golikipa lakini baada ya wiki kadhaa nikaanza kulala mpaka asubuhi. Jumamosi za kazi nyingi bado inanisumbua, siwadanganyi.

Miguu pia ikifa ganzi, pima sukari, na uulize kuhusu vitamini B12 haswa kama unameza metformin (dawa ya sukari) miaka mingi. Mwenye anatumia dawa za TB na anahisi ganzi amwambie daktari mapema, zingine huleta hiyo shida. Hii ganzi ya mkono huwapata wajawazito sana pia, na kwa wengi huisha wakishajifungua. Lakini ganzi ikija ghafla upande mmoja, mdomo umepinda ama maneno hayatoki vizuri, hio inaweza kuwa stroku (kiharusi), kimbia hospitali saa hio hio. Na ukiona ile nyama ya chini ya gumba inapungua usingoje, neva inaumia, inaweza fika mahali pa kupasuliwa.