Biti Huungua kwa Kusongeshwa Polepole Mno

Biti (kifaa cha kukatia kinachozunguka) ya kwanza niliyoiharibu kwenye mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ilikuwa ya milimita 6, yenye makali mawili, na iliharibika kwa sababu ya woga wangu. Nilikuwa nikichonga mlango wa kabati wa mninga. Niliweka mzunguko wa juu kabisa wa mashine yangu, yaani 24,000 kwa dakika, lakini nikairuhusu biti isonge milimita 800 tu kwa dakika, nikidhani kwamba mwendo wa taratibu ndio unaotunza makali. Kabla sijafika nusu ya kazi, mbao ilikuwa imeungua kingo na karakana inanuka moshi.

Ukipiga hesabu utaona kosa lilipo. Gawanya 800 kwa 24,000, kisha kwa makali mawili: kila kali lilikuwa likitoa maranda ya unene wa milimita 0.017, membamba kuliko unywele. Kwa unene huo kali haliingii kwenye mbao, bali linaisugua, na joto ambalo lilipaswa kuondoka na maranda hubaki kwenye biti.

Kwa hiyo siku hizi ninaanza na unene wa maranda, si na mwendo. Kwa biti kama ile kwenye mbao ngumu ninaanzia milimita 0.1, nikichonga kina cha milimita 3 kwa kila mpito. Nikizidisha mzunguko wa 18,000 kwa dakika kwa makali mawili kwa 0.1 ninapata milimita 3,600 kwa dakika. Ikiwa mashine ni nyepesi na inatetemeka kwa mwendo huo, kwanza ninapunguza kina; tatizo likiendelea, ninapunguza mzunguko na mwendo kwa pamoja, kwa mfano 12,000 na 2,400, ili unene ubaki uleule. Tahadhari ni kwamba mota nyingi za mashine hizi hupoteza nguvu mzunguko unaposhuka.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuling'amua ni kona. Unaweza kuandika 3,600 kwenye programu, lakini katika herufi ndogo zenye mikunjo mingi mashine hulazimika kupunguza mwendo kila inapogeuka, huku biti ikizunguka kwa kasi ileile. Ndiyo maana alama za kuungua hujitokeza konani hata pale ambapo mistari iliyonyooka imetoka safi. Kwa kazi ya maandishi ninashusha mzunguko tangu mwanzo.

Maranda yenyewe ndiyo shahidi wangu mkuu: yakiwa vipande vinavyoshikika, biti inakata, yakiwa unga, inasugua. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, haifuati kanuni hiyo, kwa kuwa hutoa unga hata ukikata vizuri, na gundi iliyomo hula makali haraka. Hapo ninasikiliza sauti na kutazama ukingo. Kwenye akriliki ninatumia biti ya kali moja, kwani vipande visipotoka upesi huyeyuka na kuganda nyuma ya biti.

Biti pana, kama zile za milimita 50 za kusawazisha meza, ni habari nyingine. Ukingo wake hukimbia zaidi ya mara 8 ya ule wa biti ya milimita 6 kwa mzunguko uleule, hivyo kikomo alichoandika mtengenezaji hakijadiliwi.

Mlango wa pili niliuchonga kwa 18,000 na 3,600. Kingo zilitoka na rangi ya mninga wenyewe, na biti ilikuwa vuguvugu tu nilipoifungua.