Kabla Hujaizima, Fuata Sintesaiza

Mara ya kwanza niliposikiliza Sempiternal, albamu ya mwaka 2013 ya bendi ya Bring Me the Horizon, niliizima wimbo wa pili haujaisha. Nilikuwa naosha vyombo, simu imeegemezwa ukutani, na kilichonifikia ni mkwaruzo na mtu anayepiga mayowe. Ikapita karibu mwaka kabla sijairudia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usiisikilize kwa spika ya simu. Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde, na wapigaji wa metalcore, muziki mzito wa magitaa na mayowe kama huu, huulegeza ushuke chini zaidi. Spika ndogo hivyo haifiki huko. Uzito wote unapotea, unabaki na makelele ya juu tu. Vaa hedifoni, hata za kawaida.

Pili, usianze na magitaa. Wimbo wa kwanza, Can You Feel My Heart, unafunguka kwa sauti ya sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, iliyokatwakatwa vipande vipande, kama mtu anayeita huku pumzi zinamwishia. Kisha bendi nzima inashuka kwa kishindo. Hapo masikio yatataka kukimbilia kishindo, yazuie. Ishike ile sauti ya mwanzo uifuate. Bado ipo, imeelea juu ya magitaa, na ndiyo inayobeba melodi. Mimi nilipoisikia hivyo niliurudia wimbo mara nne mfululizo, na mara ya nne ndipo nilipotambua kwamba magitaa ni sakafu, sintesaiza ndiyo inayoimba.

Hilo halikutokea kwa bahati. Bendi hii ya Sheffield, Uingereza, ilianza mwaka 2004, na albamu yake ya kwanza ilikuwa nzito mno, karibu haina pa kupumua. Mwaka 2012 akaingia mpiga kinanda Jordan Fish, akashiriki kutunga pamoja na mwimbaji Oliver Sykes. Ndiyo maana vinanda havisikiki kama viungo vilivyonyunyiziwa chakula kikiwa tayari mezani. Na prodyuza alikuwa Terry Date, aliyewahi kufanya kazi na bendi nzito za Pantera na Deftones, kwa hiyo magitaa nayo hayakulainishwa.

Mayowe je? Soma mashairi kwanza. Mwaka 2014 Sykes alieleza hadharani kwamba aliwahi kuwa mraibu wa ketamini, dawa ya usingizi inayotumiwa pia kama dawa ya kulevya, hadi akalazwa hospitalini kutibiwa. Ukishalijua hilo, wimbo wa mwisho, Hospital for Souls (hospitali ya roho), hauwezi kukupita tu. Unaanza kwa maneno ya kuzungumzwa, taratibu, na unachukua zaidi ya dakika 6 kujengeka. Msikilizaji anayerukaruka nyimbo hataufikia akiwa tayari, kwa hiyo sikiliza zote 11 kwa mpangilio wake.

Jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito: sauti. Muziki huu unakushawishi uongeze, uongeze tena. Niliwahi kulala masikio yanavuma mpaka asubuhi, nikaogopa kwelikweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukifika 90, muda unashuka hadi saa 4. Siku hizi naweka sauti katikati, nazima taa, na ile sauti iliyokatwakatwa naisikia vizuri kuliko zamani.