Chapa, Usitume Picha Peke Yake: Ushauri kwa Makatibu na Maadmini wa Magrupu ya Kazi

Kama wewe ni katibu wa kikundi, admini wa grupu la kazi, au ndiye unayetuma linki za Zoom ofisini kwenu, makala hii nimekuandikia wewe. Mimi ni mtu nisiyeona. Naishi Dodoma mjini, na wenzangu wa kazi wametawanyika Kondoa, Mpwapwa na Kongwa. Taarifa za kila siku tunapeana WhatsApp, vikao tunafanya Zoom, ripoti tunaandika kwa pamoja kwenye Google Docs. Utaratibu huu umetusaidia sana. Mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu halazimiki tena kubebwa kupandishwa basi ili ahudhurie kikao cha saa mbili. Ndiyo maana naumia ninapoona nafasi hii inazibwa na mazoea madogo ambayo mtu yeyote anaweza kuyaacha leo.

Zoea la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kutuma maandishi kama picha.

Simu yangu inanisomea kwa sauti kupitia TalkBack. Barua ya mwaliko ikitumwa kwenye grupu, ninachosikia ni jina la aliyetuma, neno "picha", na saa iliyotumwa. Basi. Zinafuata sauti za majibu: "Imepokelewa." "Asante katibu." "Tutafika." Kikao cha nini, kinafanyika wapi, saa ngapi, sijui. Inabidi nimtafute mtu pembeni anisomee, na mara nyingi naye yuko kwenye daladala au kwenye kikao kingine. Nikichelewa kujibu, naonekana sijali kazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba barua ile ilichapwa kwenye kompyuta. Maandishi yalikuwepo, kamili kabisa, kabla haijatolewa kwenye printa, ikasainiwa, ikagongwa muhuri, ndipo ikapigwa picha. Sisemi muhuri uachwe, una kazi yake. Tuma picha yenye muhuri, halafu chini yake bandika maneno yaleyale kutoka kwenye faili la Word. Faili kama huna, chapa mistari michache: kikao kinahusu nini, kinafanyika wapi, siku na saa, nani anatakiwa. Hayo hayo yafanyike kwa PDF iliyoskaniwa, maana nayo ni picha tu iliyovaa jina la faili.

Maandishi yaliyochapwa yanamfikia kila mtu kwa njia yake. Mimi simu itanitamkia, mwenye mashine ya nukta nundu atayapapasa, mwenye uoni hafifu atayakuza mpaka yamtoshe bila herufi kupoteza umbo.

Ni kweli zipo programu za kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, na nazitumia. Seeing AI ya Microsoft na Google Lens zote ni za bure, na zimenitoa kwenye shida nyingi. Lakini muhuri ukikaa juu ya tarehe, au karatasi ikipigwa picha ikiwa imekunjamana, programu inakisia. Ikikosea neno, nitaelewa kutokana na sentensi nzima. Ikikosea tarakimu moja ya akaunti ya benki au ya lipa namba, hela ya mchango imekwenda kwa mtu mwingine. Kwa hiyo namba za malipo zichapwe siku zote, hata kama kila kitu kingine kimo kwenye picha.

Kwenye kompyuta natumia NVDA, programu inayonisomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Naitaja kwa sababu viongozi wengi wakisikia habari ya kumwezesha mfanyakazi asiyeona, wanawaza bajeti kubwa. NVDA haiuzwi. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, akaungana na mwenzake James Teh, naye asiyeona, na mpaka leo mtu yeyote anaipakua bila malipo. Inakuja na sauti inayosoma Kiswahili. Hili la sauti lisipuuzwe: kompyuta ikiachwa na sauti ya Kiingereza, "mchango" na "muhtasari" vinatamkwa kwa namna ambayo hata Mgogo wa Bahi aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni hawezi kuvitambua. Ukimkabidhi mwenzako asiyeona kompyuta, mwache achague sauti mwenyewe na mwendo wake.

Kwenye ripoti ndefu nina ombi moja tu. Vichwa vya habari viwekwe kwa mtindo wa kichwa uliomo ndani ya Word au Google Docs, isiwe kukoleza wino na kukuza herufi. Kwa macho vinafanana. Kwangu ni tofauti ya mchana na usiku, kwa sababu kwa mitindo hiyo naruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka kwenye bajeti, na bila hiyo nalazimika kuisikiliza ripoti nzima nikiitafuta.

Sasa Zoom. Mtu akionyesha slaidi zake, kwa programu yangu ile ni video, haina herufi hata moja ya kusoma. Slaidi zitumwe siku moja kabla, na mzungumzaji aseme kilichopo. Badala ya "kama mnavyoona hapa, tumepanda", sema mavuno ya zabibu yalikuwa tani ngapi mwaka jana na ni tani ngapi mwaka huu. Taja jina lako kabla ya kuchangia. Na salamu kwenye sehemu ya meseji zipungue mtu akiwa anaongea, kwa sababu NVDA inanisomea kila moja juu ya sauti ya mzungumzaji na nakosa yote mawili. Kwa wanaotumia kibodi tu, kwenye Windows Alt+A inawasha na kuzima maiki, Alt+Y inanyoosha mkono. Mwenyekiti avitangaze mwanzoni. Vinawafaa pia wenzetu ambao mikono haiwatii vizuri kushika mausi.

Kwa mwenzetu kiziwi mambo yanageuka. Ujumbe wa sauti wa dakika nne kwake ni sawa na ile picha ya barua kwangu. Wapo wanaotaka ujumbe wa sauti upigwe marufuku kwenye magrupu ya kazi, na mimi sikubaliani nao, kwa sababu yupo mwenzetu ambaye vidole havimruhusu kuchapa na sauti ndiyo njia yake ya kuchangia. Sisi tumekubaliana hivi: anayeweza kuchapa anaambatanisha sauti yake na mistari miwili ya maandishi, na asiyeweza, mmoja wetu anamchapia kwa zamu. Halalamiki mtu.

Usidhani pia kwamba kwa kiziwi maandishi yanamaliza kila kitu. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili. Kikao kizito kinahitaji mkalimani. Mtumie ajenda na majina ya watu mapema. Aketi mwanga ukimpiga usoni, dirisha lisiwe nyuma yake. Video yake ibanwe kwenye skrini (pin) ili ibaki ikionekana, na wengine wazime zao ili bando na mtandao vimtoshe yeye. Kikao kirefu kinataka wakalimani wawili wapokezane, kwa kuwa mikono na akili vinachoka. Gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na bando na posho. Mhasibu akiuliza kwa nini, mkumbushe Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyopitishwa na Bunge letu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano.

Naambiwa mara nyingi, "Kwetu hayupo mwenye ulemavu." Una hakika? Mkoa huu umeteswa na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, kwa miaka mingi, na wazee wenye uoni hafifu hawajitangazi. Kijivu chepesi juu ya nyeupe hawakisomi. Jedwali la michango ambalo waliolipa ni kijani na wasiolipa ni nyekundu linampita asiyetofautisha rangi hizo, andika "amelipa". Na wasomi wasioona tunao tele, wengine wameanzia Buigiri pale Chamwino, shule ya wasioona iliyokuwepo tangu 1950. Wanaomba kazi kwenye ofisi kama yako.

Ukitaka kujipima, kama simu yako ni ya Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya huduma kwa watu wenye ulemavu (Accessibility), utaikuta TalkBack. Kwanza weka njia ya mkato ya kubonyeza na kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache, maana ndivyo utakavyoizima. Ukishaiwasha, kugusa mara moja ni kusikiliza, kugusa mara mbili ni kufungua. Ingia kwenye grupu lako, fumba macho, utafute tarehe na mahali pa kikao kijacho. Usipovipata, vichape sasa hivi.