Pesa za kufundisha nje ya darasa niombe wapi?

SWALI: Salamu mhariri. Mimi nafundisha takwimu chuo kikuu hapa Kisumu, darasa liko na wanafunzi zaidi ya 300 na wengi wanakariri tu fomula, mtihani ukiisha zote zimeyeyuka. Nataka waende soko la Kibuye wachukue bei za nyanya na mahindi, tuzirudishe darasani tuzifanyie hesabu. Idara inasema ni sawa lakini pesa hakuna, wenzangu nao wananiambia niende kwa gavana. Niende?
Mwalimu wa takwimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, hiyo kazi ni ya maana sana, tafadhali usiiache. Kwa gavana nenda, lakini si kuomba pesa. Katiba ya 2010 imeweka vyuo vikuu chini ya serikali ya kitaifa, kaunti iko na chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, so ukipeleka bajeti ya darasa lako utazungushwa tu. Masoko sasa ndiyo ya kaunti! Waambie watu wa kaunti kwamba wanafunzi wako watawaletea bei za kila wiki, halafu uombe barua ya ruhusa na mtu wa kuwatambulisha kwa akina mama wanaouza. Hiyo barua ukiiambatisha na ombi lako la pesa, mfadhili anaona kuna mtu mwingine anayezihitaji hizo bei.

Pesa anza kuuliza kurugenzi ya utafiti ya chuo chako. Kuna pia Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, iliyoundwa na sheria ya 2013, lakini hiyo ni ya utafiti kama jina linavyosema, ukiwaandikia unataka nauli ya kwenda sokoni hawatakusikiza. Uliza hivi: mwanafunzi aliyekusanya data yake mwenyewe anaelewa takwimu kuliko aliyesikiliza mhadhara peke yake? Hapo sasa umeingia kwa utafiti, na utahitaji kibali cha kamati ya maadili na kile cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, kabla hujaanza.

Bajeti ndio watu huharibu, unakuta mtu ameweka tableti na projekta na wanafunzi wako na simu mfukoni. Wewe weka nauli, bando, na mwanafunzi wa uzamili wa kukusaidia kusahihisha, maana kazi ya watu 300 utaimaliza lini peke yako? Na weka mizani. Nyanya zinauzwa kwa mafungu, fungu la asubuhi si fungu la jioni na kila mama ana mkono wake, so bila kupima uzito hizo bei huwezi kuzilinganisha hata kidogo.

Semista hii jaribu na kikundi kimoja tu, wape jaribio fupi kabla ya kwenda na lingine wakirudi, uombe ukiwa na majibu mkononi. Na ongea na watu wa fedha na ununuzi mapema, juu pesa ikishaingia akaunti ya chuo mizani zinaweza kukuja wanafunzi wameshafunga.