Protoni zilezile, migongano zaidi: inakuwaje?

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba mwaka 2016 mtambo wa LHC, unaogonganisha chembe ziitwazo protoni katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ulipita kiwango cha migongano kilichokusudiwa na wasanifu wake, na kwamba siri mojawapo ilikuwa kurekebisha "optiki ya mwale". Optiki si habari za mwanga na miwani? Na kama shida ni migongano, si waongeze protoni tu? – Mdadisi

JIBU: Mdadisi, ahsante kwa kuandika "mwale". Kuna msomaji aliwahi kuniandikia "boriti ya protoni", nikabaki nawaza paa la nyumba.

Protoni haziongezwi hivihivi: husafiri kwa mafungu, zina chaji ya aina moja, husukumana, na fungu likijaa mno huyumba. Tena mwaka huo mafungu yalikuwa 2,220 tu, wakati usanifu ulitaka 2,808. Kilichosaidia ni mwale kuwa mwembamba zaidi pale unapokutana na mwenzake.

Nilipokuwa nafundisha, nilikuwa nawatoa wanafunzi juani na kioo cha kukuzia na kipande cha karatasi. Doa la mwanga likiwa pana, karatasi inapata vuguvugu tu. Sogeza kioo mpaka doa liwe kama punje ya mtama, moshi huo! Jua ni lilelile. Kwa protoni, kioo ni sumaku yenye ncha nne, nayo ina kasoro ya kuzaliwa: ikiubana mwale juu na chini, inautanua kushoto na kulia. Ndiyo maana hupangwa kwa zamu, moja ikibana huku, inayofuata kule, mpaka mwale unabanika pande zote.

Ubanaji huo hupimwa kwa kinachoitwa beta-nyota: si upana wa doa lenyewe, bali ni umbali ambao mwale hubaki mwembamba kutoka pale ulipobanika zaidi. Ikipungua, doa hupungua. Usanifu ulisema sm 55. Mwaka 2016 walishuka hadi 40, na 2018 hadi 25.

Mbona wasiende hadi sentimita moja? Rudi kwenye kioo: doa kali hutaka kioo kipana. Mwale nao, ili ubanike sana penye mgongano, lazima kwanza uvimbe ndani ya sumaku za mwisho, mita 23 hivi kabla ya hapo. Kwa usanifu wa awali, doa la mikromita 17 (yaani sehemu 17 za elfu za milimita) lilidai mwale wenye upana wa karibu mara mia ndani ya sumaku hizo. Na bomba halitanuki. Isitoshe, palipovimba ndipo kosa dogo la sumaku linapoleta madhara makubwa. Basi wataalamu huutikisa mwale makusudi, husoma unavyoyumba kwenye mamia ya vipimio kuzunguka njia ya kilomita 27, kisha hugusa umeme wa sumaku moja moja, kidogo kidogo, hadi mwale ufuate hesabu. Kazi ya fundi wa gitaa hiyo, si ya mpiga nyundo.

Sasa zinaundwa sumaku za niobi na bati zenye tundu la milimita 150 badala ya 70, ili beta-nyota ishuke hadi sm 15. Wamechukua kioo kipana zaidi.