Ukuta wa Chiefs dhidi ya Eagles: si wote uliokuwa mbovu

Je, ukuta mzima wa Chiefs, yaani wachezaji watano wanaomlinda mrushaji wao Mahomes katika futiboli ya Marekani, ulikuwa mbovu walipofungwa na Eagles kwenye fainali? Hapana, tatizo lilikuwa upande wa kushoto. Katikati Chiefs walikuwa na watu wa maana msimu wa 2024: Creed Humphrey anayeanzisha mpira, Trey Smith kulia kwake na Joe Thuney kushoto. Hao watatu waliletwa 2021, baada ya timu ya Tampa Bay kumkimbiza Mahomes kama kuku kwenye fainali ya 31–9.

Pengo lilikuwa nafasi ya mwisho kushoto, anaposimama mlinda mgongo wa Mahomes (anarusha kwa mkono wa kulia, hivyo hatari ya huko haioni). Wakajaribu wachezaji watatu hapo, Suamataia, Morris na Humphries, wapi! Mwishowe wakamhamishia Thuney huko. Hapo ndipo walipoharibu, kwa maoni yangu: waliziba tundu moja wakatoboa jingine, maana mchezaji mwingine, Caliendo, akaachiwa nafasi ya Thuney.

Fainali ya Februari 2025 nilikesha nikiitazama. Eagles walishinda 40–22, Mahomes akaangushwa na mpira mkononi mara 6, na Eagles hawakuongeza hata mtu mmoja wa kumvamia. Wanne wao wa mbele walitosha.

Ila tuwe wakweli, Mahomes naye hukaa na mpira muda mrefu na hupenda kurudi nyuma mno. Si kila anguko ni la ukuta. Hata hivyo pengo la kushoto lilikuwepo, ndiyo maana chaguo lao la kwanza kati ya wachezaji wapya wa vyuo 2025 likawa Josh Simmons, wa kushoto hukohuko.